Nilipasuliwa kwa ajili ya kiungulia: kilichoisha na kilichobaki

Mkuu, pole na mdogo wako. Umeuliza kama upasuaji wa kiungulia unamaliza tatizo au ni pesa kwenda bure. Mimi nilipasuliwa, huu mwaka wa nne.

Miaka sita nilimeza omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, asubuhi na jioni. Moto wa kifuani ulikuwa unapoa, sikatai. Kilichonishinda ni kucheua. Nikiinama kufunga kamba za viatu, chakula cha mchana kinarudi mdomoni. Saa nane usiku nakurupuka nimepaliwa na maji machungu, nakohoa mpaka mke wangu anawasha taa. Nililala nimeegemea mito mitatu kama abiria wa basi la usiku. Dawa inapunguza ukali wa tindikali tu, mlango uliolegea kati ya umio na tumbo haiufungi.

Mwanzoni nilitibiwa vidonda vya tumbo, maana kwetu kila anayeungua kifua ana vidonda. Kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni ndiyo iliyoonyesha kwamba sehemu ya juu ya tumbo imepanda kifuani. Hata hapo daktari hakukimbilia kisu. Alitaka nipitishiwe mpira mwembamba puani, ukae kwenye umio saa 24 ukirekodi tindikali, na kipimo kingine cha nguvu ya misuli ya umio. Ule mpira unakera, na kwenye daladala watu wanakukodolea macho. Lakini mdogo wako asipasuliwe bila vipimo hivyo. Upasuaji wenyewe ni kuuzungushia umio sehemu ya juu ya tumbo; misuli ikiwa dhaifu na tumbo likazungushwa duara zima, chakula kitakwama. Ndiyo maana wengine huzungushiwa sehemu tu.

Kazi yenyewe ilipita kwenye matundu matano madogo. Tumbo linashushwa mahali pake, tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, linabanwa kwa nyuzi, kisha sehemu ya juu ya tumbo inaviringishwa kwenye umio kama skafu shingoni. Mbinu ni ya daktari mpasuaji Rudolf Nissen, aliyeitangaza mwaka 1956. Kwa matundu ilianza kufanyika 1991.

Kucheua kulikoma usiku uleule, na moto wa kifua ukafuata. Sauti yangu ya kukwaruza imepungua kidogo tu, na nilikuwa nimeonywa kwamba dalili za koo hazina uhakika.

Wiki za mwanzo ni uji na supu iliyochujwa. Wiki ya tatu nikajifanya mjanja, nikameza tonge la ugali. Likakwama katikati ya kifua, nusu saa natema mate kwenye beseni huku mama mkwe akiniangalia. Kukwama kuliisha baada ya miezi miwili hivi. Gesi ndiyo imebaki. Kubeua ni kwa shida, nikinywa soda tumbo linajaa kama ngoma, na upepo wote unatafuta njia ya chini. Mniwie radhi, ila madaktari wengi hawakuambii hili kwa uwazi.

Na wapo wanaorudi kwenye vidonge miaka ikipita, mviringo ukilegea. Mimi bado.

Kwa mdogo wako, anachoteseka nacho zaidi ni kipi? Kama ni chakula kurudi na vipimo vinakubali, ningemwambia afanye. Kama dawa inamtuliza na amechoka kumeza tu, ningesubiri. Amepimwa hicho cha saa 24, au wameishia kwenye kamera?