Mbona huyu mama kanipa mgongo?

SWALI: Dada habari za kazi, mi msomaji wenu wa siku nyingi. Nina kalenda ya zamani nilipewa ofisini, ina mchoro wa mwanamke kavaa gauni jeusi kasimama chumbani, kanipa mgongo, sinia kalibana kiunoni, kuta za kijivu, hamna kochi hamna nini. Chini wameandika Hammershøi. Mke wangu anasema hapo wamegombana na mumewe, mi nasema mchoraji alichoka akaiacha njiani. Nani kapatia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kaka yangu pole, we ndo umekosa zaidi. Hebu angalia lile bakuli pembeni ya huyo mama, lenye kifuniko. Umeona kifuniko hakijakaa sawa? Lilishavunjika likaungwa, na jamaa kachora hadi hiyo kasoro, sasa mtu wa hivyo ndo useme kachoka?

Huyo ni Vilhelm Hammershøi, mzaliwa wa Copenhagen huko Denmark, 1864 hadi 1916. Picha yako ni ya 1903-04, yenyewe iko makumbusho ya mji wa Randers. Na mama ni Ida, mkewe wa ndoa toka 1891. Walikuwa wamepanga nyumba namba 30 mtaa wa Strandgade huko Copenhagen, jengo la karne ya 17, wakakaa toka 1898 mpaka 1909, na humo humo ndani jamaa akachora picha zaidi ya 60, yaani vyumba vilevile, milango ileile, leo kahamisha meza kesho kaitoa kabisa. Vitu alipunguza makusudi. Hata rangi, alishasema mwenyewe kwamba picha inapendeza zaidi rangi zikiwa chache, kwa hiyo hicho kijivu usikisome kama msiba.

Sasa wifi na ugomvi wake. Siwezi kuapa maana ya ndani ya nyumba za watu hayajulikani, ila mi sioni hasira pale. Tazama shingo ya Ida, nywele kazibana juu, mwanga umetua pale shingoni taratibu, mume aliyenuna hakai siku zote hizo anahangaika na shingo ya mkewe bwana. Halafu kuna picha yake nyingine ya 1900, iko makumbusho ya Ordrupgaard karibu na Copenhagen, haina mtu kabisa, ni dirisha, jua linaingia na vumbi linaelea kwenye miale, na mlango ambao hata kitasa hauna. Je na mlango nao aligombana nao?

Alichokuwa anakichora ni mwanga unavyoingia chumbani, Ida yupo kama meza ilivyopo (najua wifi hatoipenda hii, mi mwenyewe inanikera kidogo).

Na kalenda usiitupe, ingawa sio mali: ile ya chumba cha muziki cha nyumba hiyohiyo, yenyewe orijino, iliuzwa New York 2023 kwa zaidi ya dola milioni 9. Yako ikate vizuri, weka fremu, itundike mbali na TV.