Bahasha ya Ahadi Imenishinda: Je, Simpendi Mungu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza vitumbua na chai karibu na stendi ya mabasi mjini Moshi. Mwezi Januari niliandika ahadi ya shilingi 120,000 kwa ujenzi wa kanisa letu, lakini tangu mume wangu alipougua mwezi Mei nimefikisha shilingi 35,000 tu. Jumapili mbili zilizopita zilisomwa namba za bahasha zenye deni, na yangu ikiwamo, kisha mhubiri akasema kwamba ampendaye Mungu humtolea. Tangu siku hiyo sijaenda ibadani, na ninafikiria kukopa kwenye kikoba ili nimalize. Je, ni kweli kwamba simpendi Mungu?
Mama Vitumbua, Moshi

JIBU: Mama, usikope. Mkopo wa kikoba una riba, na riba hiyo itatoka kwenye dawa za mumeo na mahitaji ya shule ya wanao. Mtume Paulo, ambaye katika kuhimiza michango hakuwa mtu wa kuona haya, aliwaandikia Wakorintho katika waraka wa pili, 8:12, kwamba nia ikiwapo, utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Hata hivyo sitakuambia kwamba ahadi ni maneno matupu, kwa sababu kitabu cha Mhubiri 5:5 kinasema ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na wewe mwenyewe usingetuandikia kama ungeichukulia ahadi yako kwa wepesi. Lakini Torati, pamoja na ukali wake wote juu ya nadhiri, ilimwachia maskini mlango. Walawi 27 inataja viwango vya nadhiri ya mtu, shekeli 50 kwa mwanamume wa miaka 20 hadi 60 na shekeli 30 kwa mwanamke, kisha katika mstari wa 8 inaagiza kwamba asiyeweza kiwango hicho asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie upya kwa uwezo wake. Nenda basi kwa mchungaji au kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, siku ya kazi, ukiwa na bahasha yako mkononi, mweleze hali ya nyumbani, na muandike kiwango kipya, hata kikiwa shilingi 500 kwa juma.

Fedha ya dawa usiihesabu kuwa fedha uliyomnyima Mungu. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Sioni kwa nini mume aliyelala kitandani awe na haki ndogo kuliko wazazi hao.

Bila shaka utatajiwa mjane wa senti mbili, yule maskini aliyetoa sadaka vyote alivyokuwa navyo, kwa kuwa kila msimu wa ujenzi mama huyu huitwa kazini. Ukimsoma katika Marko 12:41-44, anzia mstari wa 40, ambapo Yesu anawakaripia waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mjane huyo hakusomewa namba mbele ya watu. Alitoa kimya kimya, na aliyemtambua ni Yesu aliyekuwa ameketi kulielekea sanduku la hazina.

Niliwahi kuhudhuria mnada wa sadaka, ambapo vitu vilivyotolewa badala ya fedha huuzwa kwa ajili ya kanisa, katika usharika mmoja wa huko huko mlimani. Bibi mmoja alileta mayai manne yaliyofungwa katika pindo la kanga. Kijana aliyeyanunua kwa bei ya trei nzima alimrudishia, naye bibi akayaweka tena mezani. Yakauzwa mara tatu, watu wakicheka na kupiga vigelegele, na hakuna aliyeuliza bibi yule anadaiwa kiasi gani kwenye bahasha. Jumapili hii nenda ibadani, mama, na ukiweza beba sahani ya vitumbua kwa ajili ya mnada.