Anza na anga, watu watakungoja

Mara yangu ya kwanza kuingia National Gallery, jumba la picha la London, nilizunguka saa tatu nzima bila kukaa. Nilitoka miguu inawaka moto, kichwani nimebaki na madoa tu: vazi la buluu la Maria, duara za dhahabu juu ya vichwa vya watakatifu, na mkanyagano wa wageni. Ungeniuliza nimeona nini ningekujibu "vyote", na ungejua mara moja kwamba sikuona kitu.

Kilichonibadilisha ni uchovu. Miaka ile nilikuwa nahudumia wazee zamu ya usiku, natoka kazini saa moja asubuhi. Siku moja sikwenda kulala. Jumba lile hufunguliwa saa nne, kuingia ni bure, ndani kuna joto na mabenchi. Nikaona heri nikae huko kuliko kurudi chumbani. Nikakaa mbele ya picha ya Giovanni Bellini, mchoraji wa Italia wa karne ya 15, inayomwonyesha Yesu akisali bustanini Gethsemane. Petro, Yakobo na Yohana wamelala fofofo chini. Nami nikasinzia. Nilizinduliwa na kicheko cha mtoto aliyekuwa akimhesabia mama yake waliolala: mmoja, wawili, watatu, na yule wa nne kwenye benchi.

Nilipofumbua macho sikumwona Yesu kwanza. Niliona anga, na nikaitambua. Ndiyo anga niliyokuwa nakutana nayo mwisho wa zamu, ninapofungua mapazia ya wazee: juu bado buluu ya usiku usiokwisha, chini ukingo uliopauka, na matumbo ya mawingu yamepakwa waridi.

Basi tangu siku ile, ndugu au rafiki akiniomba nimwonyeshe namna ya kutazama picha za dini za karne ya 15, namwambia aanze na anga. Sisi tuliolelewa na hadithi hizi tuna tabia ya kukimbilia watu. Tukishajua yule ni Petro na yule ni Yuda tunaona tumemaliza, tunahamia picha ya pili. Jizuie kidogo. Jiulize kwanza: pale ndani ni saa ngapi?

Kwa Bellini swali hilo lina jibu. Mwanga unayapiga mawingu kwa chini, maana yake jua bado liko upande wa pili wa upeo au ndiyo kwanza linachungulia. Mji ulio juu ya kilima umeshapata nuru, mabonde bado yana utusitusi. Aliyekulia Lushoto au Njombe hahitaji kufundishwa hili. Kilele hupata jua kabla ya shamba la bondeni. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, maana tunazo alfajiri, mapambazuko na macheo, na kila mmoja wetu anajua tofauti zake bila kutazama saa.

Sasa linganisha na maandiko. Yohana anasema askari walikuja na taa na mienge, yaani palikuwa na giza. Bellini ameisogeza saa. Kwa nini? Jibu langu, nawe unaweza kunipinga, ni kwamba alitaka saa ile ambayo ndiyo humshinda mtu aliyekesha. Waliowahi kufanya kazi ya usiku, au mkesha wa kanisani, watanielewa: saa sita usiku bado una nguvu, lakini kumi na moja alfajiri kope zinakuwa chuma. Yesu aliwaambia wakeshe, wao wameanguka palepale kunapokaribia kucha.

Jambo la pili ninaloshauri, tafuta picha nyingine ya tukio hilohilo. Kwa bahati, jumba lilelile linayo ya mchoraji mwenzake, Andrea Mantegna, na habari yake ni ya kifamilia: mwaka 1453 Mantegna alimwoa Nicolosia, binti wa mchoraji Jacopo Bellini, kwa hiyo yeye na Giovanni ni mashemeji. Picha ya Giovanni ilinunuliwa na jumba hilo mwaka 1863, ya shemeji yake ikafuata mwaka 1894. Ya Mantegna ina miamba kana kwamba imechongwa kwa patasi, Yerusalemu yenye majengo ya Kirumi, na sungura wanaorandaranda njiani. Malaika wake watano wadogo wamesimama juu ya wingu wakiwa na msalaba. Ni kazi ya fundi hodari, lakini mwanga wake ni wa kuonyeshea vitu, kila jiwe lisimame lilivyo. Muulize saa ngapi, hakujibu. Kwa shemeji yake mwanga wenyewe ni sehemu ya kisa. Mantegna nilimpenda baadaye sana, nakiri.

Ukikaribia (usivuke kamba), kumbuka ubao ule wa sentimita 81 kwa 127 umepakwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai. Rangi hiyo hukauka upesi mno. Kuihamisha buluu iwe waridi bila kuacha mpaka unaoonekana kulitaka vistari vyembamba, kimoja kando ya kingine, kwa subira ya msusi. Baadaye Bellini alihamia rangi za mafuta, na ukifika New York mtazame Mtakatifu Fransisko wake katika jumba la sanaa la Frick Collection: amesimama nje ya pango, mikono wazi, anga imemwelemea kwa nuru. Nimeiona kwenye skrini tu, sijafika.

Huna nauli ya London? Picha hizi mbili zipo kwenye tovuti ya jumba hilo, unaweza kuzikuza mpaka uone nyufa. Ila usikuze mapema. Weka kiganja juu ya skrini ufiche watu wote, ukae na milima na mawingu muda wa kikombe kimoja cha chai, ndipo uwafunulie mmoja mmoja. Mimi huanza na waliolala, kisha Yesu aliyepiga magoti mwambani. Halafu malaika mwenye kikombe, ambaye Bellini amemchora kama moshi mweupe, unaona anga nyuma yake, ukipepesa macho unaweza kumkosa.

Wa mwisho kabisa waache askari walio mbali, wameongozwa na Yuda. Wadogo kama siafu. Nilitazama picha ile mara tatu au nne kabla ya kugundua kwamba sasa hawahitaji mienge, njia inaonekana vizuri.