Wasomaji Wanauliza: Taa za Chini ya Makabati ya Jikoni

SWALI: Makabati ya juu jikoni kwetu yako pande mbili, mita 2 na mita 3. Dukani nimeonyeshwa mikanda ya LED, taa za duara za kubandika, na taa ndefu zilizozibwa zikiwa na kila kitu ndani. Muuzaji anasema zote zinadumu saa 50,000. Nichague zipi?

JIBU: Chukua mkanda wa LED wa volti 24, uulaze ndani ya profaili ya alumini (mfereji mwembamba wenye kifuniko), na transfoma yake, inayoshusha umeme wa ukutani hadi volti 24, ikae kando, mahali mkono unapofika. Zile saa 50,000 zisikushawishi. Kwa kawaida ni makadirio ya muda ambao LED, ikiwa haikuunguzwa na joto, itakuwa imebaki na asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo. Haziihusu transfoma, na mara nyingi transfoma ndiyo hufa kwanza, kwa sababu ndani yake mna kapasita, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, zenye majimaji yanayokauka kwa joto. Katika taa iliyozibwa, kapasita hizo zimefungiwa pamoja na LED. Siku zikifa unatupa taa nzima ingawa LED zake bado ni nzima. Transfoma iliyowekwa kando ikifa, fundi anafungua waya chache na kuweka nyingine. Taa za duara nazo huacha madoa ya mwanga na giza katikati, na anayekatakata hujikuta kisu kimeingia kivulini.

Kwa kaunta, mkanda wa wati 10 kwa mita unafaa. Ulio mzuri hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 800 hadi 1,000 kwa mita. Kifuniko cheupe cha profaili kitakula sehemu yake, lakini kinachobaki kinatosha kufanyia kazi hata taa ya dari ikiwa imezimwa. Mita zako 5 ni wati 50. Usinunue transfoma ya wati 50 kamili. Ongeza angalau asilimia 20, yaani wati 60, na ukipata ya wati 75 ni afadhali zaidi, maana transfoma isiyolemewa haipati joto sana. Kibandiko chake kiseme volti 24 DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Ukiona kinataja miliampea pamoja na volti za kuanzia kiwango fulani hadi kingine, iache. Hiyo ni ya taa za aina nyingine. Iweke juu ya kabati penye hewa, mbali na jiko, na kila upande upate waya wake kutoka kwenye transfoma badala ya upande mmoja kuulisha mwingine.

Profaili ifungwe karibu na ukingo wa mbele wa kabati, nyuma ya ubao unaoificha machoni, ikielekea kidogo ukutani. Ikifungwa nyuma kabisa, ukuta unang'aa huku mahali pa kukatia pakibaki gizani. Kaunta ikiwa ya jiwe lililong'arishwa, LED zitaonekana ndani yake kama safu ya nukta. Tumia mkanda wa aina ya COB, ambao LED zake zimefunikwa kwa utepe mmoja mfululizo wa mwanga, au profaili yenye kina na kifuniko cheupe.

SWALI: Fundi anasema profaili ya alumini ni urembo tu, mkanda una gundi yake. Kweli?

JIBU: Si kweli, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mbao haipitishi joto vizuri. Mkanda wa wati 10 kwa mita ukibandikwa moja kwa moja kwenye mbao, joto linakosa pa kwenda: gundi inalainika, mkanda unaanza kuning'inia, na LED zinapoteza mwanga au kubadilika rangi mapema. Mvuke na mafuta ya mapishi humalizia kuibandua. Alumini huchukua joto hilo na kulitawanya hewani, na kifuniko chake kinafutika kwa kitambaa.

Sehemu ya chini ya kabati isafishwe kwa sabuni, ikauke. Vishikizo vya profaili vifungwe kwa skrubu, kimoja kila sentimita 50 hivi, kisha ndani ya profaili pafutwe kwa spiriti kabla ya kubandika mkanda. Kwenye kona usiukunje. Ukate penye alama ya mkasi na uunganishe vipande kwa waya. Viungo tunavipendelea vya kulehemu. Vibanio vya plastiki ni vya haraka, lakini meno yake hulegea. Ukifungua kilicholegea utakuta doa la kahawia pembeni ya shaba: hapo ndipo joto lilipokuwa likizaliwa kila taa ilipocheza.

SWALI: Mkanda wangu ni wa volti 12, jumla wati 60. Transfoma iko mita 6 kutoka kwenye kabati, waya ni wa milimita za mraba 0.75. Mwanga ni hafifu, na mwisho wa mkanda ni hafifu zaidi. Transfoma nimeshabadilisha, hali ni ile ile.

JIBU: Transfoma haina kosa. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Waya wako, kwenda na kurudi, ni mita 12 za shaba zenye ukinzani wa karibu omu 0.28, kwa hiyo volti 1.4 zinapotea kabla umeme haujafika kabatini. Hiyo ni karibu asilimia 12. Njia za shaba ndani ya mkanda nazo ni nyembamba, zinapunguza tena kadiri unavyoelekea mwisho. Ungekuwa na mfumo wa volti 24, mkondo ungekuwa ampea 2.5 na ungepoteza volti 0.7 tu, asilimia 3.

Bila kununua mkanda mpya, sogeza transfoma karibu, au weka waya wa milimita za mraba 2.5. Kisha peleka umeme kwenye ncha zote mbili za mkanda kutoka transfoma ile ile, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

SWALI: Mwanga ni mkali, lakini nyama inaonekana ya kijivu. Nibadilishe rangi ya mwanga?

JIBU: Tatizo si lazima liwe kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, kutoka wa manjano hadi mweupe. Kati ya 3,000 na 4,000 jikoni panapendeza. Angalia tu usitofautiane sana na taa ya dari. Tazama CRI kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu: iwe 90 au zaidi. Kipimo hicho ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, na wekundu uliokolea haumo. Wekundu una namba yake, R9. Muulize muuzaji karatasi ya vipimo, na R9 isipungue 50.

SWALI: Nahitaji mkanda usioingia maji?

JIBU: Ndani ya profaili iliyofunikwa, hapana. Silikoni inayoufunika mkanda huo huzuia joto na kubadilisha kidogo rangi ya mwanga. Karibu kabisa na sinki, panaporukiwa maji, weka wa IP65, alama ya kuonyesha kuwa unahimili kurukiwa maji.

SWALI: Tuliondoa taa za halojeni tukaweka mkanda wa LED, lakini dima ya ukutani (swichi ya kupunguza mwanga) ni ile ya zamani. Mwanga unachezacheza na dima inavuma.

JIBU: Kwanza hakikisha transfoma ya halojeni nayo imeondolewa. Nyingi hutoa umeme wa AC, unaobadilisha mwelekeo kila mara, na mkanda unataka DC. Dima hiyo nayo iliundwa kwa mzigo mkubwa wa wati, na transfoma ya kawaida ya LED haielewani nayo. Unaweza kununua transfoma iliyoandikwa kuwa inakubali dima pamoja na dima ya LED ya kuendana nayo. Sisi tungeweka swichi ya kawaida ukutani na dima ya volti 24 kati ya transfoma na mkanda. Kwa wati 50 mkondo ni ampea 2.1, basi chukua dima ya ampea 4 au 5. Kabla ya kuifunga moja kwa moja, punguza mwanga hadi robo na uutazame kupitia kamera ya simu: mistari myeusi ikitembea kwa wingi kwenye kioo, huenda dima inakatakata mwanga polepole mno, na macho yatachoka.

Upande wa umeme mkubwa aufanye fundi umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa. Mkumbushe kuwa swichi ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa zinaweza kubaki na mwanga hafifu usiku kucha, na transfoma itaendelea kuwa na umeme hata mnapodhani mmezima.