Jibu: Mdakaji anayepitwa na mipira inayodunda
Ndugu, umeuliza kwa nini kijana wako, mdakaji wa besiboli (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji), anapitwa na mipira inayodunda mbele yake. Shida ni kwamba anataka kuidaka. Mpira wa hivyo unazuiwa kwa mwili. Glovu itangulie chini katikati ya magoti, mkono mtupu ujifiche nyuma yake, kidevu kigande kifuani, mabega yajikunje mbele ili mpira ukigonga kifua udondoke papo hapo. Akigeuza uso, shingo inabaki wazi, na hapo ndipo ninapoogopa sana. Mvalishe vifaa vyote vya kinga, aweke mikono nyuma, umrushie mipira laini kutoka hatua tano hadi aache kufumba macho. Zoezi la kurusha mpira hadi beisi ya pili (kituo cha pili cha wakimbiaji), karibu mita 39 kutoka alipo, lisubiri kwanza.