Bendi bila nyota mmoja? Inawezekana, sikilizeni The Band

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama bendi inaweza kuwa kubwa bila kuwa na nyota mmoja wa kusimama mbele. Jibu langu ni ndiyo, na shahidi wangu ni The Band, kundi la Wakanada wanne na Mmarekani mmoja.

Mmarekani huyo ni Levon Helm, mpiga dramu kutoka Arkansas. Wenzake walitoka Ontario: Robbie Robertson wa gitaa, Rick Danko wa besi, Richard Manuel wa piano na Garth Hudson wa kinanda. Walikutana wakimpigia mwimbaji Ronnie Hawkins. Garth alikuwa amesomea muziki, na ili familia yake isikasirike kwamba amekwenda kupiga roki vilabuni, alidai kila mwenzake amlipe dola 10 kwa wiki kama mwalimu wao. Baadaye walizunguka na mwimbaji Bob Dylan mwaka 1965 na 1966, wakizomewa na mashabiki wake wasiotaka kusikia gitaa la umeme.

Mwaka 1967 walipiga kambi kwenye nyumba ya rangi ya waridi, iliyoitwa Big Pink, huko West Saugerties, New York. Albamu yao ya kwanza, Music from Big Pink, ilitoka 1968, wakati wapiga gitaa wa roki walikuwa wanashindana kwa kelele na solo ndefu. Hawa walishusha sauti, wakachanganya kantri, bluzi, gospeli na nyimbo za kale za mashambani. Mpiga gitaa Eric Clapton mwenyewe amesema albamu hiyo ilichangia yeye kuachana na bendi yake, Cream.

Sasa sikilizeni wimbo The Weight wa albamu hiyo. Levon anaongoza, kisha Rick anapokea ubeti. Kwenye kiitikio sauti zinaingia moja baada ya nyingine, kila mmoja kwa wakati wake, ndipo zinakutana. Hakuna anayemfunika mwenzake. Ukitaka kumsikia Richard, nenda kwenye I Shall Be Released: ile sauti nyembamba ya juu inaniumiza kila mara. Robbie, mtunzi wao mkuu, alikuwa haimbi sana.

Kinachonivutia kuliko yote ni Rag Mama Rag, ya albamu ya pili, 1969. Humo Levon ameacha dramu akashika mandolini, Rick anapiga fidla, Garth yuko kwenye piano, na dramu amepewa Richard. Besi haipo kabisa. Mzigo wake umebebwa na tuba, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, ya prodyuza wao, John Simon. Ni bendi gani yenye nyota wa kulindwa ingekubali hivyo?

Najua wapo watakaonijibu kwamba hatimaye waligombana. Ni kweli. Nyimbo nyingi ziliandikwa jina la Robbie, na Levon alilalamika hadharani kwamba kazi ya wengine haikutambuliwa. Naona alikuwa na hoja, maana muziki ule ulijengwa na mikono mitano. Walifanya onyesho la kuagana San Francisco, Novemba 1976, mwongozaji wa filamu Martin Scorsese akalirekodi. Wanne walirudi jukwaani miaka ya 1980 bila Robbie. Richard akafariki 1986. Wa mwisho kuondoka ni Garth, Januari 2025.

Kwa hiyo vijana mnaounda bendi, kabla ya kugombania maikrofoni, chukueni albamu ile ya 1969 muisikilize pamoja, kisha mjaribu kubadilishana vyombo.