Kibali cha rufaa kesi ya ubaguzi kazini: mwonyeshe jaji aya

Ukishindwa kesi ya ubaguzi wa rangi kwenye baraza la kazi hapa Uingereza, hasira ndiyo hushika kalamu. Unataka kueleza tena meneja alivyokuwa akiiga lafudhi yako mbele ya wenzako, na cheo kilivyokwenda kwa kijana uliyemfundisha kazi mwenyewe. Yangu ilikuwa hivyo. Lakini jaji wa rufaa hasikilizi kesi upya. Anatafuta kosa la kisheria ndani ya hukumu, basi.

Tarehe kwanza. Kama hukumu ilisomwa kwa mdomo tu, omba sababu za maandishi ndani ya siku 14. Zikishatumwa, una siku 42 za kufikisha rufaa kwenye baraza la rufaa za kazi, na siku ya mwisho inafungwa saa kumi jioni, si usiku wa manane.

Kisha kaa na hukumu. Mimi nilianza na kifungu cha 136 cha Sheria ya Usawa ya 2010: ukishaonyesha mambo yanayoweza kuashiria ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Je, baraza lilipitia hatua hiyo, au lilimwona meneja msema kweli likaishia hapo? Mwaka 2001 Dk. Anya, mtafiti mweusi, alishinda rufaa dhidi ya Chuo Kikuu cha Oxford kwa hoja ya namna hiyo: baraza lilimwamini shahidi, lakini halikuuchambua ushahidi uliomzunguka.

Usiandike “sikutendewa haki.” Andika: “Aya ya 47 inasema usaili ulikuwa wa haki. Karatasi za alama zilizofutwa na kuandikwa upya zimo kwenye jalada la ushahidi, na hukumu haizitaji popote.” Sentensi kama hiyo inamlazimu jaji afungue jalada.

Jaji wa baraza la rufaa akikukatalia kwa kusoma karatasi tu, una siku 28 za kuomba usikilizwe ana kwa ana. Omba, wapo mawakili wa kujitolea wanaosaidia bure kwenye vikao hivyo.

Kwenda Mahakama ya Rufaa ni ngazi nyingine. Hapo lazima upate kibali, na kipimo ni kama rufaa ina nafasi ya kweli ya kushinda, au kuna sababu nyingine nzito ya kuisikiliza. Mara nyingi jaji huamua kwa kusoma tu. Huko kuna ada, na ukishindwa rufaa yenyewe unaweza kubebeshwa gharama za mwajiri. Ongea na wakili au chama chako cha wafanyakazi kabla hujasaini fomu.